Jimbo Lipi, Kodi Ipi: Tuliyojifunza Kwenye Dirisha la Ofisi ya Mwakilishi Pennsylvania

Neno la kwanza linalompoteza Mswahili akiingia ofisi ya mwakilishi hapa Pennsylvania ni "jimbo". Mkenya na Mtanzania wakilisikia wanawaza eneo la uchaguzi la mbunge wao. Mkongomani anawaza Kivu Kusini au Haut-Katanga, yaani mkoa mzima wenye bunge lake mbali na lile la Kinshasa, na katika hili Mkongomani ndiye aliye karibu na hali ya hapa. Jimbo ni Pennsylvania yote. Bunge lake liko Harrisburg, lina wawakilishi 203 na maseneta 50, na kila mwakilishi anahudumia watu wapatao 64,000. Kando yao wako wabunge 17 na maseneta 2 wanaoiwakilisha Pennsylvania huko Washington. Hao ni watu wengine wenye ofisi nyingine, na hakuna aliye mkubwa wa mwenzake.

Sisi ambao tumekaa kwenye madirisha haya, tukijaza fomu na kutafsiri kwa Waswahili wa Erie, Lancaster na Pittsburgh, tumeona dosia nyingi, yaani faili za maombi, zikikwama kwa sababu hiyo moja: zimepelekwa kwa serikali isiyozihusu. Mtu anasubiri wiki tatu jibu ambalo haliwezi kuja. Kwa hiyo mgawanyo huu ujulikane kabla ya jambo lingine lolote. Grin kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), uraia, kuwaleta jamaa walioko kambi za wakimbizi, Social Security (pensheni ya taifa), SSI (pesa za kila mwezi kwa wazee na wenye ulemavu wa kipato kidogo), kodi ya mapato ya taifa: hayo ni ya Washington, na ofisi ya kuisaidia familia ni ya mbunge wa taifa au seneta wa taifa. Leseni ya udereva, kadi ya matibabu ya Medicaid, malipo ya waliopoteza kazi, cheti cha kuzaliwa kwa mtoto aliyezaliwa hapa: hayo ni ya jimbo. Takataka, taa za mtaani na maegesho ni ya jiji. Basi la shule na mwalimu ni ya bodi ya shule. SNAP, msaada wa chakula ambao wengi bado wanauita fudi stempu, imekaa katikati: sheria yake inatungwa Washington, ila anayeishughulikia dosia ni ofisi ya msaada ya kaunti, iliyo chini ya jimbo. Ndiyo maana mwakilishi wa jimbo anaweza kuuliza dosia ya SNAP imefika wapi, lakini hawezi kubadilisha nani anastahili. Sheria ya taifa iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi wengi ambao hawajapata grin kadi, na hakuna simu kutoka Harrisburg inayoweza kulitengua hilo.

Hata shimo barabarani lina mwenyewe. Barabara za jimbo zina vibao vidogo vyeupe pembeni, vyenye namba ya barabara na namba ya kipande. Ukiona kibao hicho, shimo ni la PennDOT, idara ya usafiri ya jimbo inayotoa pia leseni, na mwakilishi anaweza kulifuatilia. Piga picha ya kibao pamoja na shimo lenyewe. Pasipo kibao, mara nyingi ni barabara ya manispaa, na shimo ni la jiji.

Anayepokea wageni dirishani ajizoeze kuomba barua kabla ya kusikiliza habari nzima. Tunajua hilo linaonekana kama kukosa adabu kwetu, ambako mgeni husalimiwa, hukalishwa, ndipo hueleza shida yake toka mwanzo. Salamu zibaki, na kiti kibaki. Lakini maelezo ya nusu saa kuhusu "watu wa serikali waliokata pesa" hayasemi ni serikali ipi, na barua inasema kwa sekunde tano: nembo iliyo juu, tarehe, namba ya dosia, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Wengi huja bila barua kwa sababu waliitupa wakidhani ni matangazo. Kwa hiyo nyumbani kuwe na mfuko mmoja wa barua zote zenye jina la ofisi yoyote ya serikali, na bahasha zisitupwe, kwani muhuri wa posta huonyesha barua ilitumwa siku gani.

Huduma hizi ni za bure. Hazihitaji uraia, hazihitaji kadi ya kupiga kura, na hakuna anayeuliza chama. Kinachohitajika ni kuishi ndani ya eneo la mwakilishi huyo. Mipaka ilichorwa upya mwaka 2022, na majirani wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na wawakilishi wawili tofauti. Ukiambiwa nenda ofisi nyingine, hujafukuzwa. Anwani yako imeangukia upande wa pili wa mstari.

Jambo linalokula muda wetu kuliko yote ni majina na tarehe za kuzaliwa. Mkongomani ana jina la kwake, jina la nyuma na jina la ubatizo, na karatasi za kambini ziliyapanga kwa namna moja, karatasi ya kuingilia Marekani kwa namna nyingine, na kadi ya Social Security kwa namna ya tatu. Tarehe za kuzaliwa za wazee wengi zimeandikwa 1 Januari kwa sababu aliyeandikisha hakuwa na siku kamili. Mtu anafika kituo cha leseni, mashine ya PennDOT inauliza mashine ya uhamiaji na ya Social Security, herufi moja haifanani, na anarudishwa nyumbani akiambiwa asubiri. Mwakilishi hawezi kulirekebisha hilo kwa barua, maana PennDOT haijakosea kitu. Imesoma karatasi mbili zinazopingana. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kwanza sahihisha karatasi ya uhamiaji ikiwa ndiyo yenye kosa, halafu nenda Social Security, halafu subiri siku kadhaa taarifa ziingie, ndipo urudi PennDOT. Ukianza mwisho utarudia safari zote. Na jina litakaloandikwa kwenye kila fomu liwe lile la karatasi, kwa mpangilio ule ule, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.

Hapo hapo kwenye leseni, onyo ambalo hatuchoki kulirudia: karatasi au skrini ikikuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura, na wewe bado si raia, jibu ni hapana. Ukijibu ndiyo kwa kutoelewa, kosa hilo linaweza kuja kukuzuia uraia au hata kukutoa nchini. Kama hujaelewa swali, omba mkalimani kabla hujagusa kitu.

Sasa tuje kwenye kodi. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili: kodi anayolipa mwenye nyumba kwa serikali, na kodi anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Pennsylvania ina programu, tangu mwaka 1971, inayorudisha sehemu ya zote mbili. Kwenye fomu inaitwa Property Tax/Rent Rebate, na fomu yake ni PA-1000. Tangazo likitafsiriwa "marejesho ya kodi", mpangaji mzee anadhani halimhusu, kwa sababu hana nyumba wala hafanyi kazi ya kukatwa kodi. Analipita. Tumejifunza kuandika "kurudishiwa sehemu ya pesa za pango ulizolipa mwaka jana", ndefu kidogo, lakini wazee wanakuja.

Wanaostahili ni wenye miaka 65 na kuendelea, wajane na wagane kuanzia miaka 50, na wenye ulemavu kuanzia miaka 18. Kikomo cha kipato kilipandishwa hadi dola 45,000 kuanzia madai ya mwaka 2023 na tangu hapo kinaongezwa kufuata gharama za maisha. Nusu ya pesa za Social Security na SSI haihesabiwi. Kiwango cha juu ni dola 1,000 kwa walio kundi la chini kabisa la kipato. Kwa mpangaji, serikali inachukua asilimia 20 ya pango la mwaka, kisha inalipa kiasi hicho au kiwango cha juu cha kundi lake, chochote kilicho kidogo. Tuchukue bibi anayeishi kwa SSI ya mwaka 2025, dola 967 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 11,604, nusu yake 5,802, kwa hiyo yuko kundi la chini. Anaishi nyumba ya ruzuku ambayo pango lake ni dola 1,100, ila yeye mwenyewe analipa 290. Kinachohesabiwa ni 290 tu: mara 12 ni 3,480, na asilimia 20 yake ni dola 696. Hizo ndizo atakazopata. Aliyemjazia 1,100 hakumfanyia wema; cheti cha mwenye nyumba kitaonyesha namba nyingine na fomu itarudi.

Cheti hicho, PA-1000 RC, ndicho kinachokwamisha fomu nyingi. Mwenye nyumba anatakiwa kutia saini. Ukiwa umehama katikati ya mwaka, unahitaji cheti kimoja kwa kila nyumba, si cha nyumba ya sasa peke yake. Mwenye nyumba akikataa kutia saini au akiwa hapatikani, fomu yenyewe ina sehemu ya kiapo cha mpangaji. Inajazwa mbele ya mthibitishaji wa saini (notary), na ofisi nyingi za wawakilishi zina mthibitishaji asiyelipisha. Nyumba inayomilikiwa na taasisi isiyolipa kodi ya ardhi wala malipo mbadala haistahili, hivyo uliza hilo mapema kwa waliopangishwa na makanisa. Wawili wanaoishi pamoja na kugawana pango la nyumba moja kama kaya wanatoa dai moja. Miezi uliyopokea msaada wa pesa taslimu kutoka jimboni inaondolewa kwenye hesabu. SNAP na msaada wa kulipia joto la nyumba haviondoi kitu. Ushahidi wa umri unatakiwa mara ya kwanza tu. Tarehe ya mwisho iliyo kwenye sheria ni 30 Juni, na kwa kawaida husogezwa hadi 31 Desemba, ila malipo huanza 1 Julai, hivyo anayepeleka mwezi wa pili au wa tatu analipwa mapema. Kuna watu mitaani wanaowatoza wazee dola 50 au zaidi kwa kujaza karatasi hii. Inatuuma kuona hivyo. Ofisi ya mwakilishi inaijaza bure, inatoa fotokopi bure, na inaituma.

Kazi nyingine ya bure ambayo watu wetu hawaiulizii ni mali iliyosahaulika. Hazina ya jimbo inashikilia zaidi ya dola bilioni 4: mishahara ya mwisho ambayo haikuchukuliwa, amana za umeme, akaunti za benki zilizoachwa. Aliyefanya kazi kiwandani miezi minne kisha akahama bila kuacha anwani, huenda cheki yake iko huko. Unapotafuta jina la Kikongo, tafuta kwa kila mpangilio na kila tahajia, kwa sababu karani wa kampuni aliliandika alivyolisikia.

Majira ya baridi yana utaratibu wake. Msaada wa joto, LIHEAP, hufunguliwa kwa kawaida Novemba. Mwaka 2025 ulisogezwa hadi Desemba kwa sababu serikali ya Washington ilikuwa imefungwa. Kuna pesa za kawaida, ambazo hulipwa moja kwa moja kwa kampuni ya gesi, umeme au mafuta, na kuna pesa za dharura kwa aliyepokea ilani ya kukatiwa au ambaye mafuta yake yanakaribia kuisha. Kinachoharibika hapa ni jina kwenye bili. Nyumba ilichukuliwa na kaka aliyetangulia kufika, kaka amehamia Ohio, bili bado ni yake. Hamisha akaunti mwezi wa tisa, si Desemba. Mpangaji ambaye joto limo ndani ya pango pia anaweza kuomba, akileta mkataba unaoonyesha hivyo.

Kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi kampuni zilizo chini ya tume ya huduma za umma haziruhusiwi kumkatia mwenye kipato cha chini bila kibali cha tume hiyo. Hili limeeleweka vibaya sana. Watu huambiana kwamba kipindi hicho hulipi. Deni linaendelea kukua kila mwezi, na mwanzo wa Aprili ilani zinamwagika. Lipa kidogo kila mwezi, hata dola 30, na piga simu kwa kampuni uombe mpango wa malipo kabla hujaja kwetu, kwa sababu tume yenyewe itauliza kwanza kama ulizungumza na kampuni.

Kuhusu dosia iliyokwama, kazi ya ofisi ni kuandika kwa mtu wa idara anayejibu ofisi za wawakilishi. Barua inayofanya kazi ina jina kama lilivyo kwenye karatasi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya dosia, tarehe ya kuomba, na swali moja. Ukiweka maswali manne utajibiwa la rahisi. Ombi la SNAP linatakiwa kupata uamuzi ndani ya siku 30, na la haraka kwa asiye na kitu ndani ya siku 5, kwa hiyo siku ya 31 swali ni "ombi la tarehe fulani limeamuliwa vipi?", wala si "tafadhali msaidieni mama huyu". Mwenye dosia lazima atie saini karatasi ya kuturuhusu kuuliza habari zake. Mtoto hatii saini kwa niaba ya mama, hata akiwa ndiye msomi wa nyumba.

Na hili lisomwe mara mbili: barua ya mwakilishi haisimamishi saa ya rufaa. Ukinyimwa SNAP una siku 90 kuomba kusikilizwa, na ukitaka msaada uendelee wakati unasubiri, lazima uombe mapema zaidi, kwa tarehe iliyo kwenye barua yenyewe. Kesi ya kutolewa nyumbani ni fupi zaidi: baada ya hukumu ya jaji wa wilaya, mpangaji ana siku 10 kukata rufaa. Mwakilishi haingii mahakamani, wala hampigii jaji simu. Tunachofanya siku hiyo hiyo ni kukuelekeza kwa wanasheria wa msaada, na wewe uende siku hiyo hiyo. Aliyekaa kusubiri jibu la mheshimiwa amepoteza nyumba akiwa na barua nzuri mkononi.

Mkalimani ni haki yako katika ofisi ya msaada ya kaunti, na ni bure. Ukiulizwa lugha, sema Kiswahili, na kama unatoka Kongo sema Kiswahili cha Kongo. Mkalimani wa simu aliyekulia Mombasa na mama wa Uvira wanaweza kupishana kwenye maneno madogo yenye uzito: permi na leseni, dosia na faili, franga na pesa. Ikisikika hamwelewani, omba mwingine. Usiitikie tu kwa heshima. Mtoto wa miaka 12 asitumike kutafsiri habari za ugonjwa wa mama yake.

Taarifa za mwakilishi kwa wananchi, zile anazotuma kwa barua pepe kila wiki au kila mwezi, zina mambo ya maana yaliyozikwa chini ya picha za kukata utepe: siku ya kujaza fomu za pango kwenye maktaba, maonyesho ya wazee yenye chanjo, ofisi inayohama mara moja kwa mwezi hadi kituo cha mtaa. Wengi wa watu wetu hawasomi barua pepe. Wanasikiliza sauti za WhatsApp kutoka kwa kiongozi wa kwaya au mwenyekiti wa jumuiya. Kwa hiyo tunachukua jambo moja, tunalisema kwa sekunde 40, na tunataja vitu vinne: siku, mahali pamoja na namba ya basi, karatasi za kuleta, na kwamba ni bure. Ukitaja matukio matatu kwenye sauti moja, watu watafika la kwanza wakiwa na karatasi za la tatu.

Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi. 06/07 kwa Mmarekani ni Juni 7, kwa aliyesoma Bukavu ni tarehe 6 Julai, na tofauti hiyo imewafanya watu wasimame mbele ya mlango uliofungwa. Saa nayo iandikwe mara mbili: saa 3 asubuhi, na pembeni 9:00 AM. Ukiandika 9:00 peke yake, kuna mzee atakayeisoma saa tisa na kuja alasiri, amevaa koti lake zuri, wakati meza zimeshakunjwa.

Bajeti nayo itajwe kwenye taarifa, kwa lugha ya kile kitakachochelewa. Mwaka wa fedha wa jimbo huanza 1 Julai. Bajeti ya mwaka 2025 ilitiwa saini 12 Novemba, na katika miezi hiyo kaunti na mashirika yanayotegemea pesa za jimbo yalikuwa yanasubiri. Mama anayetegemea programu ya watoto baada ya shule anahitaji kujua wiki hii itafungwa au haifungwi. Nani alimlaumu nani ukumbini hakumsaidii kupanga zamu ya kiwandani.

Jibu linapofika, lisomwe lote kwa mwenyewe, kwa Kiswahili, akiwa ameketi. Mwandikie nyuma ya barua, kwa maneno makubwa, kitu cha kufanya na siku yake. Kama anahama, anwani mpya ipelekwe kwa idara ya mapato ya jimbo na ofisi ya kaunti kabla ya kufunga mizigo, maana posta inaweza isiisogeze cheki ya serikali hadi anwani mpya, na cheki ya dola 696 iliyorudi Harrisburg huchukua wiki nyingi kutolewa tena.